Shati la Mikono Mifupi

Mdogo wangu alikufa Jumanne saa nne asubuhi, na kufika saa sita mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba alikuwa amelewa.

Hakuwa amelewa. Alikuwa fundi bomba, na siku hiyo alipanda kwenye paa la shule kuziba tangi lililokuwa linavuja. Ngazi ilikuwa ya shule, ya mbao, na kipandio kimoja karibu na juu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Aliyemwona akianguka ni mwenzake wa kazi, kijana tunayemwita Betri. Betri alikunywa naye chai asubuhi hiyo, akamshikia ngazi, akasikia mbao ikivunjika. Lakini Betri ana michoro mpaka shingoni, kwa hiyo maneno yake hayakuhesabiwa. Mlevi anamtetea mlevi, walisema.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau vitu vidogo. Juzi nilikaa kitandani nikijaribu kukumbuka kama alikuwa akianza kuvaa kiatu cha kulia au cha kushoto, nikashindwa. Habari ya shati sitaki initoke.

Mtaani walimwita Koki, kwa ajili ya kazi yake. Mimi ni dobi, kama mama yetu alivyokuwa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho chumba cha kazi: meza ndefu iliyofunikwa blanketi na shuka, pasi mbili, ndoo ya wanga, na ukutani msumari wenye mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Kazi niliirithi kwa mama pamoja na sheria zake. Ya kwanza, nguo isiyo na alama ni nguo iliyopotea. Kila mteja ana alama yake, nayo huandikwa kwa wino usiotoka, ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali. Mwalimu ana nukta mbili na msalaba. Mwenye duka la dawa ana duara lenye mkia. Sheria ya pili, dobi hakati nguo ya mtu. Mkasi ule ni wa nyuzi tu. Mama alikuwa akisema dobi anayekata nguo ya mteja afadhali akate na kamba yake ya kuanikia, maana hatakuwa na cha kuanika tena.

Nguo zetu wenyewe nazo zilikuwa na alama, zisije zikachanganyika na za watu: mstari mmoja mlalo, na vijistari vitatu vikining'inia chini yake. Kamba na nguo tatu. Mama, mimi na Koki. Baba hakuwa na kijistari. Alikuwa ameshaondoka kabla wino haujanunuliwa.

Mama alipofariki, Koki alikuwa na miaka kumi na tisa. Wiki tatu baadaye alirudi nyumbani mkono wa kushoto umefungwa plastiki. Alipoifungua nikaona, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mkono, kamba na nguo tatu. Alikuwa amebeba gauni la mama akampa mchoraji aige kutoka kwenye kola, kwa hiyo hata kijistari cha mwisho kilivutwa kidogo kushoto, kama mama alivyokuwa akikivuta, kama nguo iliyopigwa na upepo. Nilimshika mkono nikauangalia karibu na dirisha, vile ninavyoangalia kola kama wino umekaa.

"Haitoki?" nikamuuliza.

"Hata ukichemsha, Dada."

Tatuu ya pili aliichora mwaka uliofuata, mkono wa kulia, kuanzia kiwiko kushuka. Jogoo aliyevaa buti za mpira. Aliyemchora ni Betri, wakati anajifunza kuchora, na buti moja ni kubwa kuliko mwenzake. Nilimuuliza Koki huyu jogoo maana yake nini. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hana maana, Dada. Mwangalie tu. Jogoo ana buti."

Mtaa haukukosa maana. Wapo waliosema vijistari vitatu ni miaka mitatu ya jela, ingawa Koki hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku tatu. Wapo waliosema ni watu watatu, na hapo sauti zilishushwa. Jogoo alikuwa alama ya genge linaloingia majumbani alfajiri. Mama mmoja mteja wangu, ambaye miaka yote alikuwa akichukua furushi lake na kuondoka, alianza kulifungua mbele yangu na kuhesabu shuka moja moja. Koki akipita na kopo lake la maji anamwambia, "Shikamoo mama, mito umehesabu?" Mimi nikitaka kucheka najifanya nakohoa.

Siku moja nilichoka. Nikamwambia, "Si uwaambie basi? Sema ni alama ya mama, waone haya."

"Nikieleza mkono wa kushoto, kesho watataka nieleze wa kulia," alisema. "Na wa kulia sina la kueleza. Ndiyo niukate?"

Basi hakueleza. Na mimi nikamwahidi kwamba sitaeleza.

Aliyeumia zaidi ya wote ni mjomba wetu, kaka yake mama. Ni karani mstaafu, mtu asiyeoa, mtu wa mashati meupe yenye kola ngumu kama kadi. Mashati hayo yote yalifuliwa na mama tangu mimi sijaanza shule, na baada ya mama nikayafua mimi. Mama alipokufa, Mjomba aliandika barua ya kumtambulisha Koki kwenye ofisi yake ya zamani, apewe hata utarishi. Asubuhi ya kwenda kuonana nao alikuja kumchukua, akampa mkono, akaiona ile alama. Barua aliichana pale pale mlangoni.

"Sipeleki mhalifu kwa watu niliofanya nao kazi miaka thelathini," alisema.

Koki aliokota vipande, akavitia kwenye ndoo ya taka, akaenda kujifunza bomba. Tangu siku hiyo, kati yao ilibaki shikamoo na marahaba. Miaka mitano.

Sasa nifike kwenye Ijumaa yenyewe, siku ya maziko. Nguo za Koki zilitakiwa zifike chumba cha maiti kabla ya saa tano. Saa nane angeletwa nyumbani, watu wamuage sebuleni, jeneza likiwa wazi, kisha tukazike. Nilikuwa nimeshatoa suruali nyeusi na shati lake la bluu la mikono mifupi. Hakuwa na shati la mikono mirefu hata moja. Mtu anayetia mkono kwenye bomba kutwa nzima atalipeleka wapi.

Mjomba aliingia na kitu kilichofungwa gazeti chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nguo umeshaandaa?"

Nikamwonyesha. Aliligusa lile la bluu kwa ncha ya kidole, kama anaangalia vumbi.

"Hili hapana." Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na shati jeupe, limekunjwa vizuri ila limekaa muda mrefu mpaka mikunjo imeanza kugeuka rangi. "Nililivaa siku ya kustaafu. Sijalivaa tena. Ndilo bora nililonalo. Nampa."

"Mashati anayo, Mjomba."

"Anayo, lakini hayana mikono." Aliinyoosha mikono ya lile jeupe mezani, mirefu, vifungo viwili kila upande. "Mpwa wangu, wazee wenzangu wanakuja. Wa ofisini wanakuja. Mama yako alikuwa mtu wa heshima. Mwanawe hawezi kulala mbele za watu kama ukuta wa choo cha stendi."

"Watu hao hao wamemwona hivyo miaka mitano."

"Na wanavyosema si unasikia? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Wanasema alikuwa amelewa. Hilo nalo lipo?"

Mjomba alitazama nje ya dirisha. Getini alikuwa amesimama Betri na mfuko wa spana za Koki begani, amekuja tufuatane chumba cha maiti.

"Na yule abaki huko huko," alisema Mjomba.

"Nipo huku huku, mzee," Betri alijibu kutoka nje, maana dirisha lilikuwa wazi. "Sijaja kung'oa geti."

Mjomba alivuta kiti akakaa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mfunike, binti yangu. Sikuombi jambo kubwa. Ni nusu saa tu, waage, waondoke, wasiwe na la kusema. Nimechoka kusemwa."

Kwa kweli na mimi nilikuwa nimechoka. Siku tatu nilikuwa nimepika, nimepokea watu, nimesikia kwa masikio yangu mwanamke akimwambia mwenzake jikoni kwamba afadhali amekufa kabla hajaua mtu. Niliona kwamba shati ni shati, Koki halisikii joto tena, na Mjomba kwa namna yake ameleta kitu alichokipenda. Nikachomeka pasi. Nikanyunyiza maji. Nikalitandaza lile jeupe mezani.

Shati huanzwa kwenye kola. Unaigeuza ndani, unapiga kutoka kwenye ncha kuelekea katikati, ukifanya kinyume inajikunja. Niliigeuza, na pale, karibu na kitambulisho cha kiwanda, wino ulikuwa umefifia ukawa wa kahawia. Mstari mmoja mlalo. Vijistari vitatu. Cha mwisho kimevutwa kushoto.

Nilisimama na pasi hewani mpaka ikaanza kunidondoshea maji mguuni.

Yale mashati yake ya kila wiki niliyazoea. Nilikuwa nayatia alama ile ile kwa sababu ndiyo niliyoikuta, na mkono unaofanya kazi haufikiri. Lakini hili lilikuwa limetiwa alama na mama mwenyewe.

"Mjomba, hii unaijua?"

"Ipi?"

"Ndani ya kola."

Alitoa miwani, akainama. "Hiyo? Ipo kwenye mashati yangu yote. Ni ya kiwandani."

"Mashati yako yote yametoka kiwanda kimoja?"

Akaigeuza kola tena.

"Miaka yote hiyo?"

"Nilijua mama yako anaandika alama za wateja," alisema polepole. "Yangu sikuwahi kuiuliza."

"Hukuwa na yako. Nikiwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini Mjomba hana alama. Akasema wenye alama ni wateja, wewe ni wa nyumbani. Hii ni yetu. Kamba na nguo tatu." Nikasita, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Kisha nikasema. "Ndiyo iliyoko kwenye mkono wa Koki."

"Ile ya jela?"

"Hakuna ya jela, Mjomba. Ni hii. Aliipeleka kola ya mama wakamwigia. Ukienda kule utaona, mpaka kijistari cha mwisho."

Mjomba alipeleka mkono nyuma ya shingo yake, kwenye kola ya shati alilovaa, akaushikilia hapo. Pasi ililia kidogo kama inavyolia ikipoa.

"Kwa nini hakusema?"

"Ulimuuliza?"

Aliweka miwani mezani, akaishika tena, akafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Nilidhani atalia, na sikutaka alie, maana ningelia naye na saa zilikuwa zinakwenda. Hakulia. Alisimama, akaja mezani, akaushika mkono wa kushoto wa lile shati akaanza kuukunja juu, kunjo moja, mbili, kwa uangalifu.

"Basi tufanye hivi," alisema, na uso wake ulikuwa umepata nuru kidogo. "Huu tuukunje. Watu waione. Nitasimama pale mwenyewe niwaeleze, huyu kijana alijiandika mama yake. Mtu gani atasema neno? Na huu wa kulia tuushushe, tufunge kifungo."

"Na jogoo?"

"Jogoo anaeleza nini?"

"Haelezi kitu."

"Si ndiyo nasema."

Hapo ndipo niliposikia sauti ya Koki kichwani, wazi kabisa, kama yuko nyuma yangu ananawa mikono. Nikieleza wa kushoto, watataka nieleze wa kulia. Ilikuwa haijapita hata dakika kumi tangu nivunje ahadi, na mkono wa kulia ulikuwa umeshadaiwa. Mjomba alikuwa ameikubali alama ya mama. Koki mwenyewe, Mjomba alikuwa bado hajamkubali.

"Mjomba," nikasema, "shati hili umempa, au umemwazima?"

"Nimempa. Maiti haiazimwi nguo."

"Basi ni lake."

Nikainua mkono ukutani nikatoa mkasi kwenye msumari.

Mkasi wa nyuzi haukati shati vizuri. Unatafuna. Nilianza na mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na kitambaa kilikuwa kizito kwa wanga wa zamani. Mjomba alisema, "Wewe mtoto," akaishia hapo. Mkono ukaanguka mezani na vifungo vyake viwili. Nikaukunjua wa kushoto alioukunja yeye, nikaupima na mwenzake, nikaukata.

"Umeharibu shati."

"Nimelipunguza. Alikuwa havai mikono mirefu."

"Mzee," Betri aliita kutoka getini, "huko ndani kuna usalama?"

Mjomba aliuokota mkono mmoja uliokatwa.

"Mama yako asingefanya hivi," Mjomba alisema. "Dobi hakati nguo ya mtu. Nimemsikia akisema maisha yangu yote."

"Nguo ya mteja, Mjomba. Koki si mteja." Nilikuwa natafuta sindano. "Na mimi sikatai kuonekana kwa alama ya mama. Nakataa iwe ndiyo ruhusa yake. Kama angekuwa na jogoo peke yake, ungemzika vipi? Alikuwa mtoto mzuri na jogoo wake. Alikuzibia bomba la jikoni kwako ukiwa safarini, hukumwomba, hakukudai shukrani. Alifanya hivyo kwa mikono hii hii. Wakija waione yote miwili. Mwenye la kusema aliseme mbele yangu, mimi nitakuwa nimekaa kichwani pake."

Mjomba alichukua gazeti lake, akalikunja mara nne ingawa halikuwa na kitu ndani, akatoka. Getini alipita karibu na Betri bila kumtazama. Nikapinda kingo za mikono kwa sindano, mishono mikubwa, nikaipiga pasi ikakaa. Saa nne na nusu tulikuwa njiani, mimi na Betri na shati kwenye hanga.

Saa nane watu walikuja. Jeneza liliwekwa juu ya benchi mbili sebuleni, na Koki alikuwa amelazwa kama nilivyoagiza, mikono juu ya tumbo, kifundo cha kushoto kimegeuzwa nje, jogoo juu. Nilikaa kichwani pake. Walipita mmoja mmoja. Wengine walitazama uso tu na kuondoka haraka. Mmoja alisema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya chini, "Hata leo jamani?" Nikamtazama mpaka akafika mlangoni.

Mama wa kuhesabu shuka alipofika alisimama muda mrefu kuliko wengine.

"Huyu jogoo maana yake nini?" aliniuliza.

"Hana maana."

"Hawezi kukosa."

"Amevaa buti, mama."

Akainama zaidi. Nilimwona akiiona ile buti kubwa, kisha ile ndogo. Alivuta haraka ncha ya mtandio wake akafunika mdomo, na mabega yakamtikisika mara moja. Aliponipa mkono wa pole aliushikilia, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kama ni kicheko au kilio sijui, na sikumuuliza.

Nilikuwa nimeshaamini kwamba Mjomba hatakuja. Alikuja wa mwisho, pamoja na mzee mmoja mnene wa ofisini kwake. Alisimama upande wa miguu. Alitazama kifundo cha kushoto, akahamia mkono wa kulia, akatazama kingo za shati lake zilivyoshonwa vibaya.

"Huyu ndiye mpwa wako?" yule mzee aliuliza.

"Ndiye."

"Na hii michoro?"

Nilijua anachotaka kusema. Nilikiona kimepanda mpaka kooni: alama ya dada yake, kamba, nguo tatu, maneno mazuri ambayo yangemsafisha mbele ya mwenzake. Alikunja midomo.

"Ni yake," alisema.

Jeneza lilipofungwa, Betri alibeba pembe ya mbele. Hakuna aliyemzuia. Alama ya mama ilikwenda ardhini mara mbili, kwenye mkono na kwenye kola, na jogoo alikwenda mara moja.

Ile mikono miwili niliyoikata sikuitupa. Naitumia kama vitambaa vya kulowanisha ninapopiga pasi suruali. Pamba yake ni nzuri. Na lile jambo la kiatu nilimuuliza Betri. Alifikiri kidogo akasema alikuwa akianza na cha kushoto, ila akiwa amechelewa anavaa chochote kilicho karibu. Nimeliandika hapa.

Mtaa bado unasema. Juzi mtu alisimama mlangoni na furushi akaniuliza kama mimi ndiye dada wa yule mhuni. Nikamwambia mimi ni dada yake Koki, kama ana nguo aziweke mezani, kama hana asinizibie mwanga. Akaziweka.

Mjomba hajanisamehe lile shati. Jumamosi iliyofuata alileta mashati yake matano, akayashusha mezani bila kunitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi, natia alama nguo za mteja mpya. Nikamuuliza kama angependa nianze kumwekea alama yake mwenyewe badala ya yetu, kama wateja wengine.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umeishiwa wino?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi usinisumbue."